Kuhama Nyumbani Wazazi Wasipotaka: Mwongozo Kamili wa Kuaga Bila Kugombana

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: "Nina miaka 27, nina kazi, nimetaka kuhama mara mbili. Mara zote mama alilia, nikazirudisha nguo kabatini." Kwa wengine ni baba aliyesusa chakula. Kwa wengine ni shangazi aliyepiga simu kutoka mkoani kuuliza umelishwa nini huko kazini.

Karibu wote wanakwama mahali pamoja: wanaomba ruhusa. Ukiomba ruhusa umempa mzazi swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, na mzazi mwenye hofu atasema hapana. Lipo jambo jingine ambalo sote tumelelewa nalo, nalo ni kuaga. Anayeaga amekwisha kuamua safari, ila haondoki bila baraka. Hatua zote zilizo hapa chini ni za kuaga.

Hesabu na taratibu ni za Dar es Salaam, mji ninaoujua. Walio Kenya nitawaonyesha panapobadilika.

Kama hujafika miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 bado inakuita mtoto, subiri. Na kama ni wewe peke yako unayemuuguza mzazi aliyelala kitandani, tafuta kwanza wa kukupokea kazi hiyo. Sitamsaidia mtu kumwacha mgonjwa bila maji ya kunywa.

## Vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

Usiseme neno lolote nyumbani mpaka uwe na hivi:

- Vyeti vyako halisi: cha kuzaliwa, vya shule na chuo, na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kama viko kwenye kabati la baba, viombe kwa shughuli ya kweli, kama kutoa nakala za kazini, kisha vikae kwako.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Akaunti ya benki ambayo mzazi hana kadi wala namba ya siri yake.
- Fedha kamili ya kuhamia, si nusu.
- Mtu mzima mmoja ambaye wazazi wako humsikiliza.
- Daftari na kalamu.

Kwenye laini ya simu nikae kidogo, maana hapa wengi hawajui wamesimama wapi. Usajili wa alama za vidole ulipokuja, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, vijana wengi hawakuwa na namba ya NIDA. Wakasajiliwa kwa kidole cha mama. Miaka imepita, mshahara unaingia kwenye laini hiyo, na kwa mtandao wa simu mwenye fedha ni mama. Piga *106# uone jina linalotokea. Kama si lako, sajili laini mpya kwa NIDA yako na uhamishie fedha huko kabla ya hatua ya tano, kwa sababu baada ya hapo hutaki kuomba kidole cha mtu aliyekununia.

### Fedha kamili ni kiasi gani

Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Weka bei za mtaa unaoutaka, lakini mistari yote ibaki:

- Kodi ya miezi sita: 480,000
- Dalali, kodi ya mwezi mmoja: 80,000
- Kitanda na godoro: 250,000
- Mtungi mdogo wa gesi na jiko lake: 70,000
- Ndoo, sufuria, pazia, kufuli: 80,000
- Kirikuu cha kuhamisha vitu: 40,000
- Chakula na nauli za miezi miwili: 300,000

Jumla ni 1,300,000. Mwenye uwezo wa kuweka 200,000 kila mwezi akiwa bado nyumbani atahitaji miezi saba. Ni muda mrefu, najua. Lakini ukiondoka na nusu utarudi, na ukirudi mara moja, mara ya pili hakuna atakayekuamini.

Mkenya atapata nafuu hapa. Nairobi na Mombasa kodi kwa kawaida hulipwa mwezi kwa mwezi pamoja na dipoziti, mara nyingi ya mwezi mmoja, kwa hiyo mstari wa kwanza unapungua sana.

## Hatua ya 1: Jua mzazi anaogopa nini hasa

Kwa wiki mbili sikiliza tu. Kila mzazi anaposema neno kuhusu watu wanaoishi peke yao, liandike kwenye daftari kama lilivyotoka.

"Majirani watasema nimekufukuza." Hiyo ni aibu. "Nikizidiwa usiku nani atanipeleka hospitali?" Huo ni upweke, na kwa kitinda mimba wa mama mjane ndio mzito kuliko yote. "Hao wenye nyumba wa siku hizi unawajua?" Huo ni usalama.

Ipo hofu ya nne ambayo haisemwi. Kama wewe ndiye unayenunua umeme wa LUKU, unayelipa bili ya maji ya DAWASA na ada ya mdogo wako, mzazi wako anaogopa kwamba fedha hiyo itahama nawe. Hatakuambia. Mzazi anayemtegemea mtoto wake huona fedheha kulitamka, kwa hiyo atasema dunia mbaya, atasema usubiri uoe kwanza, atasema ndoto aliyoota. Utajibu hoja ya dunia mbaya mpaka koo likauke na hutafika popote, kwa kuwa hukuijibu hoja yenyewe. Ijibu ya fedha hata kama hakuna aliyeitaja.

Kwa binti lipo neno la ziada: mtoto wa kike hutoka kwa baba yake kwenda kwa mumewe. Usibishane na neno hili. Mzazi analisema akiwa na picha kichwani, ya chumba kisichojulikana na wanaume wanaoingia na kutoka. Picha hubadilishwa na picha nyingine: mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi uani humohumo, na shangazi yako amefika akakaa akanywa chai naye.

Umefaulu ukiweza kuandika kwa sentensi moja anachoogopa baba na kwa sentensi nyingine anachoogopa mama. Mara nyingi si kitu kimoja.

## Hatua ya 2: Ishi kama umehama, ukiwa bado nyumbani

Kwa miezi mitatu, siku ya mshahara, toa fedha ya kodi, chakula, nauli na umeme ya maisha yako mapya. Kodi iende akiba, usiiguse. Chakula ulichokula nyumbani kilipie kwa kununua mchele na mafuta ya familia.

Hesabu kwa fedha inayofika mkononi, si ile ya kwenye barua ya ajira. Mfuko wa pensheni wa NSSF hukata, kodi ya mapato hukata, na kama una mkopo wa chuo wa HESLB hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wapo waliokodi chumba kwa hesabu ya mshahara wa kwenye barua.

Humohumo anza kufua nguo zako, kupika Jumamosi, kwenda hospitali mwenyewe ukiumwa. Mzazi anaona. Mtu wa miaka 28 ambaye sahani yake inaoshwa na mama hawezi kumwambia mama huyo kwamba amekua.

Tahadhari: usitangaze kwamba unafanya mazoezi.

Umefaulu kama mwezi wa tatu umeisha, kodi yote ya miezi mitatu ipo, na hukukopa nauli kwa mtu.

## Hatua ya 3: Tafuta chumba kilicho daladala moja kutoka nyumbani

Wengi wakishachoka na nyumbani hutaka kwenda mbali. Mimi nasema kaa karibu kwa mwaka wa kwanza. Kama wazazi wako Tabata, tafuta mahali ambapo mama anaweza kupanda gari moja akashuka akakuona. Umbali unaopimika hupunguza nusu ya hofu ya upweke, na wewe ukiitwa usiku utafika.

Chumba kitazame mara tatu: mchana, saa mbili usiku, na baada ya mvua. Usiku utajua kama barabara ina taa na watu. Mvua itakuonyesha kama maji yanaingia, na kwa mitaa ya kandokando ya Bonde la Msimbazi usikubali kuambiwa, nenda uone alama za maji ukutani.

Kabla ya kulipa, uliza haya:

- LUKU ni ya nani, na mnagawana vipi? Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye manunuzi ya umeme, nayo ni deni la mwenye jengo. Jua kama atakurudishia.
- Maji ya bomba hutoka siku zipi, na yasipotoka mnachota wapi?
- Geti hufungwa saa ngapi, na wageni wanaruhusiwa?

Dalali mlipe baada ya kupata chumba. Kodi yenyewe mlipe mwenye nyumba, na ukituma kwa simu hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo lililo kwenye mkataba. Mkataba uwe wa maandishi, wenye kiasi, muda, notisi ya kuhama na shahidi.

Umefaulu ukipata chumba ambacho ungemwonyesha mama yako bila kupanga maneno ya kukitetea.

## Hatua ya 4: Mweleze mtu wa kati, kisha lipa

Posa hupelekwa na mshenga, na wala si kwamba bwana harusi hana mdomo. Kuna maneno ambayo mzazi hawezi kuyapokea kutoka kwa mtoto wake bila kuona ameshindwa malezi, lakini akiyasikia kwa mdogo wake au kaka yake huyapima.

Chagua mjomba, shangazi, baba mkubwa, mama mdogo, au mzee wa msikiti au kanisa. Sifa ni mbili: wazazi humheshimu, na si mtu wa kupeleka maneno. Mpeleke akaione nyumba. Mweleze hofu ulizoziandika na jibu la kila moja. Mwombe awepo siku ya kuaga au awe anapatikana kwa simu.

Akishakubali, lipa kodi. Wengine watanilaumu kwa hili, wakisema ni kuwawahi wazazi. Nimeona zaidi ya mara moja kinachotokea kinyume chake: mtu anasema "nafikiria kuhama mwezi ujao", na mwezi ujao unajaa harusi ya binamu, presha ya baba, na msingi wa nyumba kijijini unaohitaji saruji. Akiba inaisha humo. Ukiwa na mkataba na tarehe, unaaga kwa kweli.

Umefaulu mtu wa kati akianza kukuuliza utahama siku gani badala ya kwa nini.

## Hatua ya 5: Siku ya kuaga

Mara ya kwanza nilipohama nilikuwa na miaka 25. Ilikuwa usiku, tumegombana, nikasema nisiyopaswa kusema, nikapanda bajaji na begi moja hadi kwa rafiki. Siku ya 19 nilirudi sina nauli ya wiki. Mama alinifungulia mlango na hakuuliza kitu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kabla neno langu halijapata uzito tena mbele yake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usiage usiku, usiage baada ya ugomvi, usiage kwa WhatsApp, usiage kwenye msiba wala sherehe. Chagua asubuhi ya mwisho wa wiki baada ya chai, wazazi wote wawili wakiwepo, siku saba hadi kumi na nne kabla ya kuhama. Chini ya wiki moja wataona umewatoroka. Zaidi ya wiki mbili, simu za ukoo zitakumaliza.

Kaa chini. Amkia. Kisha sema kwa sauti ya kawaida:

"Baba, mama, nimekuja kuwaaga. Kuanzia Jumamosi ya tarehe 14 nitakuwa naishi Kimara, kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi palepale uani. Mjomba amefika amepaona. Fedha ya umeme na maji nitaendelea kuileta kila tarehe mosi kama ninavyofanya, na kila Jumapili nitakuwa hapa. Mmenilea mpaka nimeweza kusimama. Naomba baraka zenu."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna "nataka", hakuna "nimechoka", hakuna "uhuru wangu". Neno uhuru, kwa sikio la mzazi, lina maana kwamba alikuwa amekufunga. Na kila hofu ya kwenye daftari imejibiwa bila kutajwa.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu, wanaendelea kujieleza mpaka wanatoa nafasi ya kusogeza tarehe.

### Watakachosema, na jibu lake

Mama akilia. Msogelee, mshike mkono, kaa naye. Usiahidi chochote kilio kikiendelea. Akitulia: "Jumapili nitakuja mapema, mama. Tutapika wote."

"Nani kakuruhusu?" "Hakuna, baba. Ndiyo maana nimekuja kwenu kwanza." Usiongeze.

"Ukitoka usirudi." "Mimi ni mwanenu, nitakuja Jumapili." Na Jumapili uende kweli, hata kama hutafunguliwa. Acha mfuko wa matunda mlangoni, urudi Jumapili nyingine.

"Nitakunyima radhi." Hili silichukulii kwa wepesi, na wewe usilichukulie hivyo. Jibu: "Sikuja kuivunja radhi yenu, nimekuja kuiomba." Kisha usibishane tena siku hiyo, mwachie mtu wa kati, na kama wazazi ni watu wa dini, sheikhe au mchungaji wanayemwamini. Nionavyo mimi, mtoto anayewatupa wazazi wake na mtoto anayelala mtaa wa pili huku akiwaletea unga hawawezi kuwekwa kwenye chungu kimoja. Lakini neno hilo likitoka kwa mzee mwenzao litawaingia kuliko likitoka kwako.

Mzazi akiumwa ghafla. Mpeleke hospitali. Usimwambie anajifanya, hata kama unashuku. Daktari akisema yuko salama, tarehe haibadiliki. Akiwa mgonjwa kweli, sogeza tarehe, umwambie mwenye nyumba.

Hatari ya kweli. Kama unafungiwa ndani, unapigwa, au mshahara na vyeti vyako vinachukuliwa kwa nguvu, acha mwongozo huu. Usiage. Ondoka ukiwa na mtu mwingine, toa taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nenda dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi. Kenya kuna simu ya bure 1195.

Umefaulu wazazi wakijua tarehe na mahali, na wewe hukupandisha sauti. Usisubiri watabasamu. Kununa kwa siku kadhaa ni sehemu ya kazi.

## Hatua ya 6: Siku ya kuhama

Hamisha asubuhi, mchana kweupe, majirani wakikuona unasalimia. Anayebeba vitu usiku amewapa watu hadithi ya kusimulia, na hadithi hiyo itamwangukia mama yako sokoni.

Chukua vyako tu. Godoro ulilolalia tangu sekondari si lako mpaka wakupe.

Mpe mzazi kazi. Mwombe baba aje kufunga kitasa, au mama akuchagulie sufuria. Akikataa, usirudie kuomba. Nimeshuhudia baba aliyekaa kimya wiki nzima akatokea dakika ya mwisho na nyundo.

Wiki hiyohiyo nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho, ya benki au pasipoti, usiwe mgeni pale.

## Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza, na ule wa saba

Piga simu kila siku wiki ya kwanza, dakika mbili zatosha, kisha mara tatu kwa wiki. Piga wewe, usisubiri kupigiwa. Jumapili iwe Jumapili.

Fedha ya nyumbani iwe kiasi kimoja na siku moja, hata kama ni 30,000. Ukituma 100,000 mwezi huu na kukosa mwezi ujao, hofu ile ya nne inarudi yote. Shida ya ghafla ikija, jibu kwa kadiri ya mfuko wa dharura, si kwa kodi yako.

Usipeleke nyumbani malalamiko ya mwenye nyumba, panya wala maji. Kila moja ni mwaliko wa kurudi. Wapelekee rafiki. Lakini ukiumwa sana, waambie siku hiyohiyo. Wakisikia kwa majirani, imani uliyojenga itaanguka.

Mwezi wa saba ndio unaorudisha watu nyumbani, kwa sababu kodi ya miezi sita imekwisha na hakuna aliyeitunza. Kuanzia siku ya kwanza tenga 80,000 kila mwezi kwenye akaunti isiyo na kadi.

Mafanikio ya hatua hii hayaji kwa maneno. Wazazi wachache sana watakuambia ulifanya vizuri. Tazama chumba chako cha zamani. Ukifika Jumapili ukakuta kitanda kinalaliwa na binamu aliyekuja mjini kusoma, na vitabu vyako viko kwenye boksi juu ya kabati, usinune. Beba boksi uondoke nalo.